Korongo wa Saa Moja na Dakika Kumi

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye tope, hatua nne kutoka majini, miguu ndani ya matete. Macho yalikuwa wazi. Darubini ilikuwa bado shingoni, na vioo vyake vimejaa udongo.

Inspekta alichuchumaa bila kugusa kitu. Juu yake, mita sita hivi, ubao mmoja wa ukingo wa mnara wa kutazamia ndege ulikuwa unaning'inia kwa msumari mmoja.

"Ameteleza, Afande," Sajenti alisema. "Mzee wa miaka sabini na moja, umande kila mahali, mbao zimeoza. Tuandike ajali tukanywe chai."

"Chai utakunywa. Nani aliyemkuta?"

Sajenti alielekeza kwa kidevu. Kando ya njia alisimama mwanaume mrefu, mwembamba, kofia mkononi, viatu vya mpira vyenye tope hadi magotini. Alikuwa mfamasia wa mjini na katibu wa chama cha watazama ndege. Ndiye aliyepiga simu saa mbili na dakika arobaini.

"Unamfahamu marehemu?"

"Miaka kumi na tisa, Afande. Alikuwa mwalimu, akastaafu. Watu walimwita Darubini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila hicho kitu shingoni. Hata harusini kwa binti yake alikaa nacho." Mfamasia alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Nikamwona kutokea njiani. Nikaenda kumshika mkono, nikaona tayari wa baridi."

"Na yeye alikuja saa ngapi?"

"Alfajiri. Huu ndio msimu. Ndege wanatoka kaskazini, wanakimbia baridi, wanatua hapa siku mbili tatu kisha wanaendelea. Sisi tunawahesabu." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwaka huu ilikuwa lazima tuwahesabu vizuri."

"Kwa nini mwaka huu?"

Mfamasia alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo. Huko palisimama malori matatu ya manjano na kilima cha mchanga.

"Ziwa likipokea ndege elfu ishirini kwa siku moja, serikali inalilinda. Wakipungua, linafunguliwa. Wale wanaingia na makatapila hadi hapa tuliposimama. Fomu yetu inatakiwa ofisi ya mazingira Ijumaa hii."

Leo ilikuwa Jumanne.

Inspekta alipanda ngazi. Mbao zililalamika chini ya viatu vyake. Juu kulikuwa na benchi, chupa ya chai, na ubao wa kuandikia wenye kibanio. Kibanio kilikuwa hakijabana kitu.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza kutoka juu.

"Labda upepo, Afande."

Inspekta aliyatazama matete. Hapakuwa na jani lililotikisika.

"Mnahesabuje hasa?"

"Wawili wawili. Mmoja anatazama na kutaja, mwingine anaandika. Ukiondoa jicho kwenye kundi, umelipoteza."

"Leo nani alitakiwa kuandika?"

"Mimi." Mfamasia alikunja kofia yake. "Usingizi ulinichukua. Ningeamka mapema angekuwa hai."

Alisema hivyo na machozi yakamtoka, na Inspekta, ambaye kwa miaka ishirini na mbili ya kazi alikuwa ameona machozi ya kila namna, aliamini kwamba haya yalikuwa ya kweli. Jambo hilo lilimsumbua njia nzima ya kurudi.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa anamenya chungwa mlangoni mwa maabara yake.

"Mbavu tatu zimevunjika, moja imetoboa pafu," alisema. "Lakini hakufa palepale. Aliishi nusu saa. Pengine zaidi."

"Una uhakika?"

"Kifua kimejaa damu iliyoingia polepole. Tena kuna tope ndani ya kucha za mkono wa kulia. Alijaribu kujivuta. Alifariki kati ya saa moja na nusu na saa mbili."

"Angewahishwa hospitali?"

Daktari aliacha kumenya. "Hospitali iko dakika kumi na mbili kutoka pale, Inspekta. Nimewahi kuwaona waliokuja na hali mbaya kuliko hiyo, wakatoka kwa miguu yao. Na kuna kingine. Mkono wa kushoto una mchubuko wa vidole, hapa juu ya kifundo. Mtu alimshika kwa nguvu."

Sajenti alikohoa. "Basi chai tutakunywa kesho," alisema.

*

Mkandarasi wa mchanga, ambaye kila dereva wa lori alimwita Tani Kumi, aliwapokea ndani ya kontena alilolifanya ofisi. Feni ilikuwa inapeperusha vumbi kutoka kona moja kwenda nyingine.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Tajiri mnene mwenye malori. Nani mwingine?"

"Mwezi uliopita ulimtishia marehemu mbele ya watu," Inspekta alisema.

"Nilimwambia nitamzika na ndege wake. Maneno ya hasira. Mke wangu namwambia mabaya kuliko hayo na bado ananipikia."

"Jumanne kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Napima malori. Madereva kumi na moja wananidai usingizi, waulize."

"Ulikuwa na faida kubwa akifa."

Tani Kumi alicheka, kicheko kikakatika katikati. Akaegemea meza.

"Sikiliza, mama. Mimi ndiye mtu pekee mji huu niliyekuwa namwombea mzee yule afike Ijumaa salama. Alikuja hapa Jumapili, kwa miguu, akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Subiri Ijumaa. Utapata unachokitaka, na mimi sitakuwa na raha tena maishani.' Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia anapeleka ukweli ofisini. Akaomba maji, akanywa, akaondoka." Alifuta uso kwa kiganja. "Sasa niambie, ningemuua nani? Ningeua ushindi wangu mwenyewe?"

Wakiwa garini Sajenti alisema, "Nilitamani sana awe yeye, Afande."

"Hata mimi," alisema Inspekta. "Washa gari."

*

Nyumba ya marehemu ilijaa watu, viti vya kuazima hadi uani. Binti yake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye saluni yake mjini. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imara. Aliwapeleka kwenye chumba cha baba yake na kufunga mlango.

"Pole sana, dada," Inspekta alisema. "Baba alikuwa na jambo wiki hii?"

"Hakulala, Afande. Alikuwa anatoa makaratasi chini ya kitanda, anajumlisha, anarudisha, anatoa tena."

Alipiga magoti akavuta sanduku la kadibodi. Ndani kulikuwa na vijitabu vidogo vya mfukoni, kila kimoja na mwaka wake. Darubini aliandika jumla za kila siku kwa penseli, kwa mwandiko wa ubaoni.

"Hiki ni cha mwaka jana. Siku iliyokuwa na ndege wengi: elfu kumi na nne mia mbili. Na hii ni nakala ya fomu iliyokwenda ofisini." Alimpa karatasi. "Soma."

Inspekta alisoma. Elfu ishirini na mbili mia tisa. Chini palikuwa na saini mbili, ya mtazamaji na ya mwandishi.

"Baba yako alisaini."

"Alisaini bila kusoma. Fomu siku zote anajaza mwandishi, na baba alimwamini mwandishi wake kama anavyoamini mkono wake. Juzijuzi ofisi walimtumia nakala, wakimpongeza. Ndipo akaona. Akatafuta ya mwaka wa kabla yake, nayo ni vilevile."

"Mwandishi ni mfamasia."

"Baba hakumtaja. Kila siku alisema 'tumekosea'. Nilimwambia, baba, nyamaza, ukisema watachukua ziwa. Akaniambia, 'Nimewachapa watoto miaka thelathini na nne kwa kunakili mtihani, na mimi nimesaini jibu la kunakili.' Akaandika barua. Jumanne alitoka nayo mfukoni. Alisema atamwonyesha mwenzake kwanza, kwa heshima."

"Mfukoni hatukukuta barua."

Binti alikaa kitandani taratibu. Alilitazama sanduku.

"Yule kaka alikuja jana kutupa pole," alisema. "Alilia kuliko mimi. Alimletea mama dawa ya presha, akamwandikia masaa ya kumeza kwa herufi kubwa ili asome bila miwani. Afande, usiniambie ni yeye."

"Bado sijui, dada."

"Mimi Ijumaa alfajiri napanda mnarani. Baba alinifundisha kuhesabu kabla sijajua kusoma. Nitamchukua mtu wa chama aniandikie. Wawe wangapi, watakuwa hao hao."

*

"Sababu anayo," Sajenti alisema Alhamisi asubuhi, wakielekea ziwani. "Alipika namba, mzee akamgundua. Lakini alikuwa kitandani kwake, na hakuna aliyemwona nje. Anaishi peke yake na kasuku. Tumhoji kasuku?"

Alama za viatu hazikuwasaidia. Mfamasia alikuwa amekiri mwenyewe kwamba aliifikia maiti, na wataalamu walikuta nyayo zake pale pale zilipotarajiwa kuwa. Alama za vidole zake zilijaa mnara mzima, kama za wanachama wote.

Chini ya mnara palikuwa na kibanda cha chama. Kiti kimoja, picha za ndege zilizopauka, na juu ya meza daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mwanachama akimwona ndege asiye wa kawaida, humwandika humo: tarehe, saa, mahali alipokuwa amesimama, jina. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sharti moja kwa mwandiko wa Darubini. Andika ulichokiona kwa macho yako tu.

Sajenti alianza kupekua kwa kupitisha muda. "Sikia haya, Afande. 'Membe wawili, wanagombana.' Haya mtu ameacha kazi yake akaja kuandika. 'Furukombe mmoja, ana samaki.' Hongera yake. 'Korongo mweusi mmoja, anatoka kaskazini, amepita chini sana upande wa mashariki. Mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.' Huyu kidogo ana maana."

"Lini?"

"Jumanne. Hii hii."

Inspekta aligeuka kutoka dirishani. "Soma safu zote."

"Jumanne. Saa moja na dakika kumi asubuhi. Mahali…" Sajenti alipunguza sauti. "Mahali, mnarani. Jina, la mfamasia."

Walitazamana.

Inspekta alilichukua daftari akalisoma mwenyewe mara mbili. Mwandiko ulikuwa nadhifu, wino wa bluu, ule ule wa kwenye fomu. Alimpigia binti wa marehemu simu.

"Dada, nisaidie kitu kimoja. Mtu wa chama anaweza kuandika saa ya uongo kwenye daftari la kibandani?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Hapana, Afande," binti alisema. "Wanaweza kukudanganya umri wao. Daftari lile, hapana."

*

Dukani kulikuwa na foleni ya watu wanne. Inspekta alisimama mwisho wa foleni na Sajenti akabaki mlangoni. Mfamasia alikuwa anamweleza bibi mmoja dawa ya kikohozi.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, bibi. Si viwili ukiona kikohozi kimekaza."

"Na kikikaza?"

"Unakuja kwangu, tunakikemea wote."

Bibi alicheka akaondoka. Mfamasia aliwahudumia waliobaki bila haraka, kisha akafunga mlango, akageuza kibao kisemacho pamefungwa. Mikono yake ilitulia.

"Tukae huku nyuma," alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu za maboksi na mizani ndogo ya kupimia unga wa dawa. Inspekta alimweleza haki zake: anaweza kukaa kimya, anaweza kumwita wakili. Mfamasia alitikisa kichwa. Inspekta aliweka daftari mezani, akalifungua.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana asubuhi. Tulikutana pale kupanga mazishi. Wenzangu walipotoka, niliandika."

"Saa moja na dakika kumi ulikuwa mnarani."

"Ndiyo."

"Uliniambia umefika saa mbili na nusu."

"Nilikudanganya."

"Ungeacha tu kuandika. Hakuna aliyejua."

Mfamasia aliutazama ukurasa. "Ni miaka kumi na moja, Afande. Yule wa mwisho tulimwona pamoja, mimi na yeye. Nisingemwandika, ingekuwa kama hakupita. Nikafikiri niandike saa tatu. Kalamu ikakataa."

"Lakini fomu za serikali ulizipika. Miaka miwili."

"Zile namba zilikuwa za ofisi. Hili daftari ni la kwetu." Aliona uso wa Inspekta akainamisha kichwa. "Najua haina maana ukiisema kwa sauti."

"Tuanze Jumanne asubuhi."

"Tulianza kuhesabu kumekucha. Ndege walikuwa wachache. Karibu na saa moja akashusha darubini, akatoa barua, akanipa niisome. Alisema Ijumaa anaipeleka ofisini. Nikamwomba asubiri mwaka mmoja tu, pengine watarudi. Akasema hapana, kwa upole, kama anavyosema kwa watoto. Nikaishika barua. Akaivuta. Nikamshika mkono. Akarudi nyuma, ule ubao ukaachia."

"Ulimsukuma?"

"Sikumsukuma. Nilimwachia." Alifikiri. "Nilimwachia, na sikutakiwa kumwachia."

"Alikuwa hai."

"Aliniita jina. Nikaanza kushuka. Nilikuwa nusu ya ngazi nikasikia mabawa. Nikatazama juu. Afande, sijawahi kuona kitu kile maishani mwangu. Bata, kitwitwi, membe, tabaka juu ya tabaka, mbingu yote inasogea. Walikuwa wanatua na wengine wanakuja nyuma yao. Wale elfu ishirini tuliowasubiri miaka mitatu. Nikasema nihesabu hili kundi moja, nishuke. Ukiondoa jicho, umewapoteza. Nikarudi juu."

"Na kundi lilipokwisha?"

"Halikwisha."

Nje mtu aligonga mlango wa duka, akasoma kibao, akaenda zake.

"Katikati yao akapita korongo," mfamasia aliendelea. "Nikatazama saa kwa mazoea. Ndipo mzee akaita tena, kutoka chini. Alikuwa amelala chali, anawaona wote. Hakuita jina langu. Aliuliza, 'Wangapi?'"

Inspekta aliacha kuandika.

"Nikamjibu, 'Elfu sita.' Nikajiambia, mtu anayeuliza idadi hajaumia sana. Nikashikilia hilo, Afande. Nikahesabu. Hakuuliza tena, na mimi nikajua maana ya kutouliza, nikaendelea kuhesabu. Nilishuka saa mbili kasoro kumi. Nikachukua karatasi na barua, nikaenda kukaa kwenye gari hadi miguu iliponikubalia kurudi."

"Ziko wapi?"

Alivuta droo chini ya mizani. Barua ilikuwa imekunjwa vizuri, na karatasi ya hesabu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliisogeza mbele kwa vidole viwili.

"Hii ni ya kweli," alisema. "Kila ndege. Nakuomba ipelekwe ofisini kesho. Mimi nifungeni, nastahili. Ziwa halikumkosea mtu."

Inspekta aliitazama karatasi. Nusu ya juu ilikuwa na namba chache, zilizopangwa kwa utulivu. Nusu ya chini namba zilibanana hadi pembeni. Saini ya mwandishi ilikuwepo. Mahali pa mtazamaji palikuwa peupe.

"Inatakiwa saini mbili," alisema.

"Najua."

"Ungeshuka ukapiga simu, daktari anasema wangemuwahi. Angekuwa hospitali leo. Ungempelekea hii kitandani."

"Angesaini," mfamasia alisema. "Hii angesaini kwa furaha, na ile barua tungeituma pamoja nayo." Alifunika uso kwa mikono. "Nimelijua hilo tangu saa mbili kasoro kumi. Hakuna mwingine wa kuniambia nisilolijua."

Inspekta alimwacha alie. Alitamani kumchukia, na hakuweza. Alijaribu kumhurumia, na sauti ile iliyouliza kutoka kwenye tope ikamzuia. Sajenti, aliyekuwa mlangoni, alikuwa ametazama sakafu kwa muda mrefu na hakuwa na mzaha wowote.

Alipomaliza kuandika maelezo, Inspekta aliyasoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kama sheria inavyotaka, kisha akamgeuzia karatasi aisome mwenyewe. Mfamasia alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kikapita mahali palipoandikwa barua, mkono, ubao, sauti. Karibu na mwisho kidole kilisimama.

"Hapa umeandika elfu ishirini na tatu."

"Ndivyo ulivyosema."

"Ni elfu ishirini na tatu mia moja na nane."

Inspekta alipiga mstari juu ya namba ile, akaandika idadi kamili, akaweka herufi za kwanza za jina lake pembeni. Kisha akamsogezea kalamu.